Ayubu wa Sura ya Kwanza: Faraja za Msibani na Swali la Mateso katika Ukristo wa Afrika Mashariki

Mhubiri wa msibani hahangaiki sana kutafuta andiko. Tanzania Bara, awe Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani au Mpentekoste, mara nyingi hufungua Kitabu cha Ayubu sura ya kwanza, pale ambapo mtu aliyepoteza mifugo, watumishi na watoto kumi kwa siku moja anakiri kwamba Mungu aliyempa ndiye aliyemnyang'anya, na kwamba bado anastahili kusifiwa. Mstari huo huandikwa kwenye misalaba ya makaburi, kwenye fulana za waombolezaji na mwishoni mwa matangazo ya vifo. Ubavuni mwake yapo maneno ambayo hayamo katika Biblia, ila waumini wameyazoea kama andiko: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi. Nadai katika makala hii kwamba matumizi hayo ya Ayubu yanakipinga kitabu chenyewe, yanamnyima mfiwa haki aliyopewa na Maandiko, na, kwa kumbebesha Mungu vifo vilivyosababishwa na binadamu, yamekuwa kichaka cha uzembe.

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Mhubiri wetu husoma ya kwanza, pengine na ya pili, kisha hufunga. Anachokiacha ni karibu kitabu kizima. Katika sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na usiku ilipotungwa mimba yake. Katika sura ya tisa anasema Mungu humwangamiza mwema na mwovu pamoja. Katika ya kumi na tatu anataka kusimama mbele za Mungu aitetee kesi yake, na ya thelathini na moja inafungwa kwa yeye kutia sahihi maelezo yake na kudai hati ya mashitaka. Wanaomjibu, Elifazi, Bildadi na Sofari, hawana upotofu wa kuonekana kwa haraka. Theolojia yao imepangika: Mungu ni mwenye haki, Mungu hutawala yote, basi anayeteswa ana sababu ya kuteswa, na linalompasa ni kunyenyekea. Ukiwasimamisha leo kwenye mimbari yoyote, wataitikiwa amina. Lakini katika sura ya mwisho Mungu anamgeukia Elifazi kwa hasira na kumwambia kwamba yeye na wenzake hawakusema yaliyo sawa juu yake, kama alivyosema Ayubu. Waliomtetea Mungu ndio wanaotakiwa kutoa sadaka, na aliyemshitaki ndiye anayeagizwa kuwaombea.

Liko jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Tamko la sura ya kwanza ni la Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Marafiki zake walipofika na kuona hali yake, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na hilo ndilo jema la mwisho walilolifanya. Tamko lile likitoka kinywani mwa mfiwa ni imani ya kutetemesha. Likitoka kwa mgeni aliyekuja na Biblia na kipaza sauti, linageuka hukumu: kesi imekwisha kabla mfiwa hajafungua mdomo.

Immanuel Kant aliliona hili mwaka 1791, katika insha fupi juu ya kushindwa kwa theodisia, yaani jitihada za kifalsafa za kuthibitisha kwamba Mungu ni mwenye haki licha ya uovu uliopo duniani. Kant aliwalinganisha marafiki wa Ayubu na watu wanaoongea huku wakijua mtawala anawasikiliza kwa siri, wanaojali kumpendeza kuliko kusema kweli. Ayubu kwake ni kielelezo cha unyofu. Kant hakuandika hewani. Leibniz alikuwa amechapa kitabu chake kikubwa juu ya theodisia mwaka 1710, akitetea kwamba ulimwengu huu ndio ulio bora kuliko wowote ambao ungeweza kuumbwa. Kisha, asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ikatetemeka watu wakiwa misani. Majengo yaliporomoka, mishumaa ya altare ikawa mojawapo ya vyanzo vya moto, na bahari ikawafuata waliokimbilia ufukweni. Voltaire aliushambulia ubora wa Leibniz kwa kejeli, na wanafunzi wetu wa falsafa husimuliwa habari hiyo mpaka wakaichoka.

Kwa hoja yangu, kilichotokea Lisbon kwenyewe kina uzito kuliko kejeli ya Voltaire. Padre Gabriel Malagrida, Mjesuiti, alichapa kijitabu mwaka 1756 akidai kwamba tetemeko halikutokana na nguvu za maumbile bali na dhambi za wakazi, na kwamba linalofaa ni mafungo na toba kuliko pilikapilika za kujenga upya. Waziri aliyeshika madaraka, ambaye baadaye alijulikana kama Marquês de Pombal, alituma hojaji kwa maparoko wa nchi nzima: tetemeko lilidumu muda gani, watu wangapi wamekufa, bahari ilipanda au ilishuka, visima vimekuwaje. Majibu ya maparoko hao yanahesabiwa leo miongoni mwa misingi ya elimu ya matetemeko. Pombal hakuwa mtu wa kuigwa. Alimtesa Malagrida mpaka akauawa mwaka 1761. Hata hivyo hojaji yake ilielekezwa kwa mapadre, nao waliijibu bila kuona kwamba kuhesabu nyufa za ukuta ni kumtukana Mungu. Mchungaji anaweza kuuliza kifo kimetokeaje na bado akabaki mchungaji.

Turudi matangani tuutazame wasifu wa marehemu, maana huo ndio utanzu wa maandishi unaosomwa hadharani kuliko wowote katika Ukristo wetu, na wasomi wa theolojia wameupuuza. Mama kijana amefia uzazini. Chini ya turubai, kijana wa ukoo anasoma karatasi iliyochapwa: marehemu alizaliwa, alisoma, alibatizwa, alifunga ndoa takatifu. Kisha inafika aya ya ugonjwa, na hapo lugha inakuwa laini ghafla. Alijisikia vibaya, akakimbizwa hospitali, madaktari walijitahidi kwa kadiri ya uwezo wao, lakini Mungu akampenda zaidi. Nyuma ya nyumba, penye masufuria, wanawake wanasimulia habari nyingine: gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, shemeji alizunguka mjini kutafuta damu, muuguzi wa zamu alikuwa mmoja. Habari hii haiingii kwenye wasifu wala kwenye mahubiri. Inabaki jikoni.

Sasa tuweke takwimu kando ya mahubiri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria Tanzania vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulitoa kadirio la 104. Wataalamu wanaweza kujadiliana juu ya namna ya kukadiria, lakini mwelekeo haubishaniwi, na sababu zake zinajulikana: vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, wakunga waliofunzwa, damu salama, magari. Kama kila mama aliyefia uzazini mwaka 2015 alikuwa amependwa zaidi, itatubidi tukiri kwamba upendo huo ulipungua kadiri bajeti ya afya ilivyoongezeka. Hakuna mhubiri atakayekubali kusema hivyo. Basi asiseme na lile la kwanza.

Kwa nini mimbari yetu imeng'ang'ania usemi huu? Siamini kwamba ni uvivu. Nadhani wahubiri wa vizazi vilivyotangulia walikuwa wanazima moto halisi. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alieleza ghala linaloanguka na kuua watu waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale, na jibu lilikuwa uchawi. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa fikra za Kiafrika karibu kila baya lina mtu nyuma yake. Swali la msiba ni nani. Usukumani swali hilo limewaua vikongwe wasio na hatia, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mhubiri anayesimama kaburini akisema ni Mungu anawaambia vijana wenye mapanga warudi nyumbani. Ameokoa maisha, na ukosoaji usiolitambua hilo ni ukosoaji wa mtu asiyewahi kuzika kijijini.

Shida ni kwamba alipolifunga swali la nani, alilifunga kwa wote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria. Ilikuwa siku ya gulio upande wa Bugolora. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Miaka ishirini na miwili kabla, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Ajali mbili, ziwa moja, kosa moja. Serikali ilitangaza siku nne za maombolezo kwa MV Nyerere na Rais Magufuli akaagiza wahusika wakamatwe, kwa hiyo si kweli kwamba dola halikuuliza nani. Lakini mahubiri ya mazishi yanapoyaita maafa ya namna hii mapenzi ya Mungu, abiria anarudi kwenye gati lilelile akiwa hana neno la kumwambia nahodha anayejaza chombo, kwa sababu ameshafundishwa kwamba siku ikifika imefika. Yesu alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine, na hakusema popote kwamba Mungu ndiye aliyeuangusha mnara.

Rabi Irving Greenberg wa Marekani, akitafakari mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, alipendekeza mwaka 1974 kipimo kikali: kauli ya kitheolojia isiyoweza kusimama mbele ya watoto wanaochomwa moto isitolewe kabisa. Afrika Mashariki ina mahali pake pa kupimia. Katika kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, nguo za waliouawa Aprili 1994 zimerundikwa juu ya mabenchi. Watu hao walikimbilia kanisani kwa sababu waliamini kanisa ni kimbilio. Nyange, upande wa magharibi, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga waumini wakiwa ndani, na paroko wao, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha. Rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha. Nani atasimama Nyange aseme kazi ya Mungu haina makosa? Pale kila mtu anaelewa kwamba tamko hilo lingekuwa msamaha wa bure kwa wauaji na matusi kwa waliokufa. Lakini tofauti kati ya Nyange na Bwisya ni ya kiwango cha uovu na nia ya watendaji; haiwezi kuwa tofauti ya kama binadamu anahusika au hahusiki. Usemi usiofaa kule unahitaji kujieleza huku.

Mapokeo ya Kikristo yenyewe yana namna nyingine ya kusema. Katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, Martin Luther alitofautisha wanatheolojia wa aina mbili: mmoja huuita uovu wema na wema uovu, mwingine, aliyemtazama Mungu msalabani, hukiita kitu kwa jina lake. Ni ajabu kidogo kwamba kanisa lenye Walutheri wengi kama letu linamnukuu Luther juu ya neema na kumsahau hapa. Waanglikana wa Uganda wana mfano ulioandikwa kwa damu. Februari 1977 maaskofu walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na vitisho. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Waumini walikusanyika Namirembe kufanya ibada bila mwili, na hawakuikubali hadithi ya ajali. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia uhamishoni, alitoa mwaka huohuo kitabu kinachotangaza kwamba anampenda Amin. Watu hukitaja kama mfano wa msamaha, na ni kweli, lakini msamaha huo uliwezekana kwa sababu aliyesamehewa alikuwa ametajwa. Kama kifo cha Luwum kingeachwa kuwa ajali, au kingeitwa kazi ya Mungu, Kivengere asingekuwa na mtu wa kumsamehe.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la kichungaji: mfiwa anahitaji faraja, si mhadhara wala uchunguzi wa polisi. Nakubaliana nalo nusu. Kweli wapo wajane walioinuliwa na tamko la Ayubu, na hakuna mwenye haki ya kuwapokonya. Lakini tazama kinachotokea jeneza linaposhushwa. Mama wa marehemu anapiga ukelele: mwanangu, umeniachia nani? Mungu, nimekukosea nini? Hapo hapo shangazi na wazee wa kanisa wanamshika mabega: nyamaza mama, usimkufuru Mungu. Kwaya inaanza wimbo wa ushindi. (Mijini siku hizi mshereheshaji humalizia kazi kwa kutangaza kwamba ratiba imechelewa.) Kufuru iko wapi? Swali la mama huyu ni ndugu wa karibu wa Zaburi ya 22, ambayo Yesu aliililia msalabani, akimuuliza Mungu sababu ya kumwacha. Karibu theluthi ya Zaburi ni za namna hiyo. Ya 88 haina hata mwisho mwema, inakoma gizani. Na katika Injili ya Yohana sura ya 11, Martha anamlaumu Yesu kwamba angekuwapo ndugu yao asingekufa, kisha Mariamu anarudia lawama ileile. Hakuna anayeambiwa anyamaze. Yesu anajadiliana na wa kwanza, na kwa wa pili analia.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulitupa mambo mengi mema, ukiwamo ujasiri wa kuungama hadharani. Ulituachia pia mtindo wa ushuhuda ambao lazima uishie kwenye ushindi, na anayelia bila kumalizia kwa haleluya huonekana imani yake ina walakini. Makanisa ya upako yamelisukuma jambo hili mbele zaidi: ugonjwa na umaskini ni laana, na asiyepona hakuamini vya kutosha. Hawa ni Elifazi na wenzake waziwazi, na sina la kuongeza juu yao ila kwamba Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kugombea kukanyaga mafuta ya upako.

Pingamizi la kitaaluma ni zito zaidi. Ikiwa hatusemi Mungu ametwaa, je, tunasema hakuweza kuzuia? Mwanafalsafa Alvin Plantinga amejenga hoja ya uhuru wa hiari: Mungu aliyetaka viumbe huru hakuweza wakati huohuo kuwahakikishia wasitende uovu. Hoja hiyo inatosha kuonyesha kwamba imani haijipingi kimantiki. Haimsaidii mtu aliyefiwa na mtoto kwa saratani, ambako hakuna hiari ya yeyote. Mwanatheolojia Jürgen Moltmann, aliyenusurika mabomu ya Hamburg akiwa kijana mwaka 1943, aliandika mwaka 1972 kwamba Mungu mwenyewe aliteseka msalabani, na kwamba kumtafuta nje ya mateso ni kumtafuta asipokuwapo. Ninavutwa na Moltmann, ingawa sioni kwamba amejibu swali. Amelihamisha kutoka kwa nini kwenda wapi. Kwa maoni yangu Mkristo hana budi kuishi na swali la kwa nini likiwa wazi, kama Ayubu, ambaye Mungu alimtokea katika upepo wa kisulisuli na bado hakumweleza habari za mbinguni ambazo msomaji alizijua tangu mwanzo. Anayesema hajui sababu hajapunguza uweza wa Mungu hata kidogo. Amekataa tu kumsemea.

Mila zetu za msiba zina hekima kuliko mahubiri yetu. Watu wanakuja, wanalala matangani, wanachangia rambirambi, wanapika, wanakaa. Siku saba za marafiki wa Ayubu zinaeleweka hapa bila ufafanuzi wowote. Kilichobaki ni ibada ifanane na ukaaji huo. Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa vitabu vya ibada katika makanisa yetu waiweke Zaburi ya 88 miongoni mwa masomo ya mazishi, isomwe yote hadi mstari wa mwisho, bila kubandikiwa wimbo wa kuipoza. Wachungaji wawaachie wafiwa sura ya kwanza ya Ayubu. Atakayeweza kuitamka ataitamka mwenyewe, kwa wakati wake. Na wanaoandika wasifu wa marehemu waandike alivyokufa: kama damu ilikosekana, waandike kwamba damu ilikosekana.